Chumba hakipoi hadi usiku wa manane: kiyoyozi kisubiri, anza na paa

Swali la msomaji: "Nina nyumba ya vyumba vitatu Tabata, Dar es Salaam. Kuta ni za tofali za saruji za inchi 6, paa ni bati la rangi ya mkaa, dari ni ya jipsamu na madirisha ni ya alumini ya kusukuma pembeni. Chumba chetu cha kulala kina mita 4 kwa 3.5, na dirisha lake moja linatazama magharibi. Kuanzia Desemba hadi Machi hakulaliki; hata saa 5 usiku ukuta bado una moto. Fundi mmoja ananiambia ninunue kiyoyozi cha BTU 18,000, mwingine anasema nipake bati rangi ya silva. Fedha yangu haitoshi kufanya yote. Nianze na nini? Na nikijenga nyumba ndogo ya kupangisha uani, nifanyeje nisirudie tatizo hili?"

Jibu

Ndugu msomaji, kiyoyozi kisubiri, na hiyo rangi ya silva usiipake kabisa. Joto linaingia nyumbani kwako kwa njia tatu, na kila njia ina saa zake. Paa linaleta joto la mchana. Dirisha la magharibi linaleta la alasiri. Ukuta wa magharibi unaleta la usiku. Kiyoyozi hakizibi hata njia moja kati ya hizo. Kazi yake ni kulitoa nje joto ambalo limeshaingia, kwa umeme unaoulipia wewe kila mwezi. Ukizipunguza njia zenyewe kwanza, mashine utakayohitaji itakuwa nusu ya hiyo uliyotajiwa, na kuna uwezekano mkubwa pangaboi likatosha.

Kabla hujatoa hata shilingi kwa fundi, pima. Nunua vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kitundike nje, kivulini, kingine chumbani mita moja na nusu kutoka sakafuni, mbali na dirisha. Andika nyuzi saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, kwa siku tatu za jua. Kila unapoandika, gusa dari na ukuta kwa kiganja. Dari ikiwa ya moto kuliko ukuta saa 8 mchana, paa ndilo linalokuumiza. Saa 4 usiku mambo yatakuwa yamegeuka: bati ni jembamba, halitunzi joto, na jua likishazama linapoa haraka. Tofali ya inchi 6 yenye lipu pande zote mbili haiko hivyo. Joto linachukua saa 4 hadi 5 kuipenya, kwa hiyo jua lililoupiga ukuta saa 10 alasiri unalipokea kitandani saa 2 au saa 3 usiku, na ukuta unaendelea kulitema hadi usiku wa manane. Mwisho, tazama namba za alfajiri. Kama ndani bado kumezidi nje kwa nyuzi 3 au zaidi, hewa haipiti, na hilo lina dawa yake nitakayoieleza mbele.

Sasa paa, kwa sababu hapo ndipo fedha yako ya kwanza iende.

Jua la mchana linapokuwa juu kabisa na anga haina mawingu, kila mita ya mraba ya paa inapokea karibu wati 1,000. Bati la rangi ya mkaa linameza karibu asilimia 90 ya hizo, na siku isiyo na upepo linafika nyuzi 65 hadi 70. Bati jeupe na safi linameza kama robo tu, na haliizidi hewa ya nje kwa zaidi ya nyuzi kumi hivi. Rangi ya silva ni mtego. Ina unga wa alumini, inarudisha sehemu ya mwanga na kung'aa machoni, lakini alumini ni mbovu katika kuachia joto iliyokwisha kulipata. Nyeupe inafanya yote mawili: inakataa jua, na kile kidogo inachopokea inakirusha angani. Ndiyo maana mabati mawili, moja la silva na moja jeupe, yakiwa kwenye jua moja, la silva ndilo litakalokuunguza kiganja.

Chini ya bati kuna uwazi wa darini. Uwazi huo ukifika nyuzi 50 na chumba kikiwa nyuzi 30, jipsamu ya milimita 9 peke yake inapitisha karibu wati 50 kwa kila mita ya mraba. Chumba chako kina mita za mraba 14, kwa hiyo kinapokea wati 700 kutoka juu, saa nzima baada ya saa nzima. Tandika juu ya jipsamu pamba ya kioo ya milimita 50 na wati hizo 700 zinashuka hadi 170 hivi. Rangi nyeupe nayo inaupoza uwazi wenyewe, na hizo 170 zinapungua tena.

Ushauri wangu kwa mfuko usiotosha ni huu: rangi nyeupe kwa paa lote, pamba ya kioo kwa vyumba vya kulala tu. Sebuleni na jikoni pamba inaweza kungoja mwaka mwingine.

Kiasi cha rangi kipigie hesabu mwenyewe, usimwachie fundi akisie. Tuseme nyumba ina mita 11 kwa 10 na paa limetokeza sentimita 60 kila upande. Hiyo ni 12.2 kwa 11.2, karibu mita za mraba 137. Mwinamo wa nyuzi 20 unaifanya 145, na migongo ya bati inaongeza kama asilimia 10, unafika 160. Rangi ya akriliki ya maji ya nje, lita moja ikifunika mita 8 kwa mkono mmoja, inahitaji lita 20 kwa mkono wa kwanza na 20 kwa wa pili: ndoo mbili. Fundi akikuambia ndoo moja inatosha, ujue anapanga kuizidishia maji, na rangi iliyozimuliwa hivyo haimalizi masika mawili. Rangi nzito za mpira hufunika eneo dogo zaidi kwa lita. Soma kopo kabla ya kununua. Kama ungekuwa na vigae vya bati vyenye chembechembe za mawe, hesabu hii isingekufaa kabisa, maana vinakunywa rangi nyingi mno.

Kazi yenyewe ifanyike kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimepungua. Kwanza kagua misumari yote. Iliyolegea ikazwe, na yenye mpira uliopasuka ibadilishwe, kwa sababu rangi haizibi tundu. Osha bati kwa sabuni na brashi ngumu, suuza, acha likauke siku nzima. Penye kutu piga brashi ya waya hadi chuma kionekane, kisha paka praima ya kuzuia kutu. Bati la rangi ya kiwandani lina utelezi, basi lisugue kidogo kwa msasa laini. Halafu jaribu kipande cha mita moja tu: paka, subiri siku 7, chora alama ya msalaba kwa wembe, bandika selotepu na uivute kwa nguvu. Rangi ikitoka na selotepu, ama uoshaji haukutosha ama praima si yake. Rangi ya mafuta usiipake moja kwa moja kwenye bati la zinki tupu. Zinki inaigeuza sehemu ya mafuta kuwa kama sabuni, na baada ya muda rangi inabanduka kwa vipande vikubwa. Paka asubuhi, bati likiwa bado la baridi. Ukipaka saa 7 mchana rangi inakauka kabla haijashika. Wanaopanda wakanyage kwenye mistari ya misumari, ambako chini kuna papi, la sivyo bati linabonyea na maji ya mvua yanatuama hapo.

Kama unakinga maji ya paa kwenye simtanki, hakikisha kopo linasema rangi hiyo inafaa kwa maji ya kunywa, na maji ya mvua mbili tatu za mwanzo yaache yamwagike. Kila mwaka kabla ya vuli lioshe paa, kwa sababu vumbi na ukungu mweusi vinakula weupe, na weupe ndio unaoulipia.

Darini mambo ni mepesi ila yana hatari zake. Pamba ya kioo ya kawaida haifiki kilo moja kwa mita ya mraba, jipsamu iliyofungwa vizuri inaibeba. Itandikwe bila kushindiliwa, kwa sababu hewa iliyo ndani yake ndiyo inayozuia joto; ukiikandamiza hadi sentimita 2 umeharibu zaidi ya nusu ya kazi yake. Usifunike taa za kuzama kwenye dari wala maungio ya nyaya. Mafundi wavae barakoa, glovu na mikono mirefu. Shuka za maboksi meupe ya povu ambazo wengine huziuza kwa bei ya chini sizikubali kuachwa wazi darini: zinashika moto haraka na moshi wake ni sumu, na nyumba nyingi zina nyaya ambazo hazijakaguliwa tangu zijengwe.

Wapo watakaokushauri foili ya alumini badala ya rangi. Foili inafanya kazi, na kama paa lingekuwa la vigae visivyopakika ningeichagua. Masharti yake ni mawili. Upande unaong'aa utazame chini, ili vumbi lisiukalie, na kuwe na uwazi wa angalau milimita 25 kati ya upande huo na kitu chochote. Foili iliyogusana na jipsamu inapitisha joto kama chuma kingine chochote, na nyumba kadhaa zimelipia foili bila kupata nafuu kwa sababu hiyo tu. Kwa paa lililokwisha kuezekwa, inapigwa chini ya kenchi, na karibu na kofia, yaani kilele cha paa, unaacha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 hewa ya moto ipate pa kutokea.

Lolote utakalofanya darini, zima swichi kuu kwanza, na kazi iishe kabla ya saa 3 asubuhi. Nasisitiza hili kwa uzito wote. Nchini Australia, mpango wa serikali wa kuweka vizuia joto majumbani ulivunjwa mwaka 2010 baada ya mafundi wanne vijana kufa: watatu kwa umeme, mmoja kwa joto la darini. Foili ni alumini, na pini moja ya chuma ikitoboa waya inaweza kuitia umeme shuka yote.

Uwazi wa darini nao upumue. Kanuni inayotumika sana ni mita moja ya mraba ya matundu kwa kila mita za mraba 150 za dari. Kwa nyumba ya mita za mraba 110 hiyo ni kama 0.7, nusu yake chini kwenye ukingo wa paa na nusu juu karibu na kofia. Matundu ya chini pekee hayavuti hewa. Yote yazibwe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, popo wasihamie.

Dirisha la magharibi sasa. Lina ukubwa gani hukusema. Tuchukue mita 1.5 kwa 1.2. Jua la alasiri likilipiga uso kwa uso, kioo hicho kinaingiza wati 900 hivi, zaidi ya dari yote ya chumba. Pazia zito haliokoi kitu kikubwa, kwa sababu jua limeshavuka kioo na pazia lenyewe linageuka hita. Kivuli lazima kiwe nje. Kibaraza cha zege juu ya dirisha hakitakusaidia upande huu: saa 11 jioni jua lipo kama nyuzi 22 tu juu ya upeo, na ili kufunika kimo cha mita 1.2 ungehitaji kibaraza kinachotokeza mita 3. Kinachofaa magharibi ni kitu kinachosimama wima. Chiki za mianzi zinazoning'inia nje, sentimita 15 kutoka kwenye kioo, zinaweza kufungwa wiki hii, na ni za bei ndogo kuliko yote niliyotaja. Baadaye, fremu ya bomba yenye wavu wa kivuli au mmea unaotambaa, ikifunika ukuta mzima badala ya dirisha peke yake, itakupoza na usiku. Ukuta huo pia upake rangi nyeupe. Krimu nzito na kahawia zinapendeza, lakini upande wa magharibi zinakugharimu usingizi.

Halafu upepo. Miezi unayolalamikia ni miezi ya kaskazi, upepo unaokuja kutoka kaskazini mashariki, na mchana wa pwani hewa ya bahari nayo inatoka mashariki. Chumba chako chenye dirisha moja la magharibi kipo upande ambao upepo unatoka nyumbani, si ule unaoingilia. Hewa inabidi ipite nyumba nzima ikufikie, na mlango ukifungwa usiku imekatika. Toboa juu ya mlango nafasi ya sentimita 80 kwa 40, weka vibao vya mbao vilivyolazwa ili faragha isipotee, na acha madirisha ya upande wa mashariki wazi nyuma ya nondo. Dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu hata ukilifungua lote, na wavu wa mbu unapunguza upepo uliobaki kwa kiasi kikubwa. La luva au la bawaba linatoa karibu nafasi yote, kwa hiyo hilo la chumbani ndilo la kwanza kubadilishwa ukipata fedha. Kabla ya hapo, feni ya kusimama iliyogeuzwa kupuliza nje dirishani kuanzia saa 2 usiku inatoa hewa ya moto na kuvuta ya baridi kupitia mlangoni. Feni za kumwagia maji usizinunue. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, maji hayakauki vya kutosha kuleta ubaridi, na unaongeza jasho tu.

Upepo wa mita moja kwa sekunde mwilini unafanya nyuzi 30 zihisiwe kama 27. Pangaboi la wati 70 likizunguka saa 10 kila usiku linakula uniti 21 kwa mwezi. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kinavuta kama wati 800. Kikiwashwa saa 8 na mashine yake ikifanya kazi asilimia 60 ya muda huo, ni uniti 115. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako ya LUKU. Ukiwa kwenye daraja la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, kiyoyozi kitakuvusha ukomo huo, na bei ya uniti itapanda.

Ukimaliza paa, kivuli na upepo, pima tena. Kama bado unakitaka kiyoyozi, makadirio ya BTU 600 kwa mita ya mraba yanakupa 8,400, yaani mashine ya 9,000 yenye inveta, ile inayopunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima. Hiyo ya 18,000 ingekuletea shida nyingine: inashusha nyuzi kwa dakika chache na kujizima kabla haijakausha unyevu, chumba kinakuwa baridi na majimaji, na ukungu unaota nyuma ya kabati. Iweke nyuzi 26 pamoja na pangaboi, safisha chujio kila mwezi, na sehemu ya nje isifungwe kwenye ukuta wa magharibi.

Kuhusu uani: kama upande wa magharibi umesakafiwa kwa zege au vitofali hadi ukutani, ng'oa ukanda wa mita moja urudishe udongo. Migomba inayokunywa maji ya bafuni inatoa kivuli ndani ya mwaka. Mwarobaini au mwembe upandwe mita 5 kutoka ukutani na mbali zaidi na shimo la maji taka. Uzio wa tofali zisizo na matundu wa mita 2.4 ukizunguka kiwanja chote unaua upepo wa madirishani. Upande wa mashariki na kaskazini, kuanzia mita moja kwenda juu, weka tofali za matundu.

Nyumba ya kupangisha iwe na urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini, na stoo, choo na bafu viende magharibi. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa 6 mchana linapita utosini mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Mwezi Juni linaegemea kaskazini kwa nyuzi 30, Desemba linaegemea kusini kwa nyuzi 17 tu. Ukingo wa paa ukiwa sentimita 30 juu ya dirisha la mita 1.2, kaskazini utokeze sentimita 90 na kusini 45. Kwa urahisi wa ujenzi fanya 90 kote. Hapo unaona kwa nini paa la kuficha, linalopendwa sana siku hizi, linatesa wapangaji: halina ukingo, kuta zake zinakaa juani kutwa, na mfereji uliofichwa ukizibwa na majani maji yanaingia darini. Ukitaka mfano wa jengo kubwa lililobuniwa kwa ajili ya hewa yetu, katazame soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye miamvuli ya zege juu na pande zinazoacha upepo upite. Foili ipigwe juu ya papi kabla ya bati, ilegezwe kidogo kati ya papi na papi, na bati lenyewe linunuliwe jeupe.

Kabla ya kuchimba msingi, chora kiwanja kwenye karatasi na uweke mshale wa kaskazini mashariki. Uani kwako kukiwa ndiko upepo unakotokea, nyumba mpya isogezwe pembeni, na iachiwe angalau mita 3 kutoka ya zamani hata kama kibali cha manispaa kinaruhusu pungufu. Vinginevyo wapangaji watapata upepo na ninyi mtaukosa.